Mlezi wa Kwanza Yuko Wapi? Somo Kutoka Chekechea za Ushirika

Utangulizi



Parokia nyingi kwetu zina chekechea. Pengine ni jengo dogo kando ya kanisa, pengine ni ukumbi ule ule ambao kwaya huutumia jioni. Wazazi huleta watoto asubuhi, hulipa ada, hununua sare na madaftari, na mchana hurudi kuwachukua. Mara nyingi huitwa shuleni kwa mambo matatu: ada ikichelewa, mtoto akiugua, na siku ya mahafali watoto wanapovalishwa majoho. Mtoto wa miaka minne naye hurudi nyumbani na kazi ya kuandika herufi moja kurasa mbili nzima, na mama aliyechoka humshika mkono ili kurasa zijae kabla ya kulala.

Hakuna anayefanya haya kwa nia mbaya. Mzazi anataka mtoto afaulu, mwalimu anataka mzazi aone matokeo, na paroko anataka shule ijiendeshe. Hata hivyo Kanisa linafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Kama tunaliamini fundisho hilo, tuna haki ya kuuliza: kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, mlezi huyo wa kwanza yuko wapi?

Katika somo hili tutatazama aina ya shule iliyojaribu kulijibu swali hilo kwa vitendo, yaani chekechea ya ushirika: wazazi huiendesha wenyewe, hushika zamu ndani yake, na watoto hujifunza kwa kucheza. Tutaona ilivyoanza na inavyofanya kazi, kisha tutawauliza wanafalsafa na walimu wa Kanisa. Baadaye tutazikabili pingamizi zake, na mwishoni tutaona parokia inaweza kuanzia wapi. Hoja ninayotaka kuitetea ni hii: mchezo wa watoto na ushiriki wa wazazi vinategemeana. Chekechea ikigeuzwa kuwa darasa la kukaririsha, mzazi hubakiwa na kazi ya kulipa tu. Ikiwa mahali pa kucheza, mzazi hupata tena nafasi yake.

1. Ilivyoanza

Mwaka 1916, katika jiji la Chicago nchini Marekani, kina mama 12, wake wa wahadhiri wa chuo kikuu cha huko, waliungana kuanzisha shule ya watoto wao wadogo na kuiendesha kwa zamu. Wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya aina yake katika nchi hiyo.

Lakini mfano uliokomaa zaidi uko New Zealand. Mwaka 1941 ulikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wanaume wengi walikuwa mbali vitani, na wake zao walibaki peke yao na watoto wadogo. Katika kitongoji cha Karori, jijini Wellington, Beatrice Beeby, Inge Smithells na Joan Wood walianzisha kituo ambamo watoto wangecheza pamoja. Walikuwa na makusudi mawili. La kwanza, mama apate nusu siku ya kupumzika au kufanya shughuli nyingine. La pili, mtoto apate wenzake, nafasi na vifaa vya kucheza. Kina mama wakapangiana zamu: leo wewe unabaki na watoto, kesho mimi.

Vituo vya namna hiyo vikaongezeka, na mwaka 1948 vikaunda shirikisho la taifa. Rais wake wa kwanza alikuwa Gwen Somerset, mwalimu ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya elimu ya watu wazima na ya watoto wadogo katika mji wa Feilding. Kwa muda harakati hizo zikajulikana kwa jina la Playcentre, yaani kituo cha mchezo.

Walioanza kwa lengo la kupumzishana waligundua jambo lingine. Mama aliyekaa asubuhi nzima na watoto 20 wa wenzake aliona kuwa hajui mambo mengi: kwa nini huyu anauma wenzake, kwa nini yule hasemi, lini aingilie ugomvi na lini auache uishe wenyewe. Akataka kufundishwa. Kwa sababu hiyo mafunzo ya wazazi yakawa sehemu ya kituo chenyewe, na mpaka leo mzazi anayejiunga huombwa ajifunze kuhusu ukuaji wa mtoto. Ulezi wa mtoto ukazaa ulezi wa mzazi.

Nchi hiyo baadaye ilitoa mwongozo wa taifa wa elimu ya awali, mwaka 1996, ukiitwa Te Whāriki. Kwa lugha ya Wamaori maana yake ni mkeka uliosukwa. Anayejua kusuka ukili ataielewa picha hiyo mara moja: mwaa mmoja hauwi mkeka. Kati ya misingi minne ya mwongozo huo, mmoja ni familia na jamii.

Tusidhani mambo haya ni ya mbali tu. Katika miaka ya 1980, huko Mombasa, jamii za Waislamu zilitaka watoto wao wapate elimu ya awali bila kupoteza dini na utamaduni wao. Kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan, na kwa kazi ya mwalimu Bi Swafiya Said, kukaanza shule za awali za Madrasa, ambazo baadaye zilienea Zanzibar na Uganda. Shule hizo ni mali ya jamii. Kamati za wenyeji huzisimamia, wanawake wa pale pale hufundishwa kuwa walimu, na vifaa vya kuchezea hutengenezwa kwa vitu vinavyopatikana mtaani: vifuu, mbegu, vipande vya kitambaa, mbao na makopo. Ndugu zetu hawa walitambua mapema kwamba imani ya mtoto mdogo haipandwi na mtu ambaye wazazi hawamjui.

2. Inavyofanya kazi

Tuingie sasa katika kituo cha ushirika asubuhi. Hakuna madawati yaliyopangwa kuelekea ubao. Kuna kona mbalimbali: hapa mchanga, pale beseni la maji, kule vipande vya mbao vya kujengea, udongo wa kufinyanga, rangi, vitabu vya picha, nguo za watu wazima za kuigizia, nyundo ndogo na misumari, na nje mahali pa kupanda na kuruka. Mtoto huchagua mwenyewe aanzie wapi, akae hapo kwa muda gani, na acheze na nani.

Watu wazima wako kati yao, nao wana kazi. Mmoja yuko karibu na maji, mwingine karibu na nyundo. Wanatazama, wanasikiliza, wanajibu wanapoulizwa. Mtoto akijaza chupa kwa kikombe na maji yakamwagika, mzazi hamnyang'anyi ili amwonyeshe. Anaweza kumuuliza, "Vikombe vingapi vitaijaza?" na kumwacha ajaribu. Wawili wakigombania gari la waya, mzazi hukaa chini, husikiliza kila mmoja, kisha huwauliza wao watafanyaje. Baada ya watoto kuondoka, wazazi wa zamu hufagia, huosha brashi, kisha hukaa dakika chache kuzungumza walichokiona: fulani leo ameongea kwa mara ya kwanza, fulani amekaa peke yake muda wote.

Kuna na kazi nyingine. Wazazi huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hufanya mikutano, hupanga ratiba ya zamu, hutengeneza vifaa, huamua ada. Watoto wanapokua na kwenda shule ya msingi, wazazi wao huondoka pamoja nao, na wapya hushika nafasi. Hilo ni udhaifu, kwa maana uzoefu hupotea kila mwaka. Ni nguvu pia, kwa sababu hakuna anayeweza kuifanya shule kuwa mali yake.

3. Je, mchezo ni kupoteza wakati?

Mzazi wa kwetu akiyasikia haya atauliza: "Ina maana nalipa ili mtoto akacheze? Kucheza si anacheza nyumbani?" Swali lake ni la haki, na falsafa imelishughulikia tangu zamani.

Plato, katika kitabu cha saba cha Sheria, anasema watoto wa kati ya miaka mitatu na sita wanahitaji michezo kwa asili yao, na kwamba wakikutana hubuni michezo wenyewe. Anapendekeza watoto wa kila kijiji wakusanyike mahali patakatifu pa kijiji hicho, chini ya uangalizi wa walezi. Tunaweza kusema kwamba chekechea kando ya kanisa ni wazo la kale sana. Aristotle naye, katika kitabu cha saba cha Siasa, anashauri kwamba mpaka miaka mitano mtoto asilazimishwe masomo wala kazi, ukuaji wake usije ukazuiwa. Apewe mwendo wa kutosha, hasa kwa mchezo, na michezo mingi iwe ya kuiga mambo atakayoyafanya kwa dhati ukubwani. Watoto wanaopikapika kwa vifuniko vya soda, wanaojenga nyumba za udongo, wanaocheza baba na mama, wanafanya jambo hilo hasa bila kuambiwa na mtu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anakwenda mbele zaidi. Katika Summa Theologiae (II-II, swali la 168, ibara ya 2) anauliza kama kunaweza kuwa na fadhila katika mchezo, na anajibu kwamba ipo. Anakumbusha kisa cha zamani kuhusu Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walikwazika kumwona akicheza na wanafunzi wake, naye akamwambia mtu mwenye upinde apige mishale mfululizo. Kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo akili ya mtu isipolegezwa.

Kama Thoma angeishia hapo, mchezo ungekuwa mapumziko tu, kitu cha baada ya kazi. Lakini mahali pengine, katika utangulizi wa ufafanuzi wake wa kitabu kidogo cha Boethius, anaulinganisha mchezo na kutafakari hekima. Anatoa sababu mbili. Mchezo unafurahisha, na kutafakari hekima kuna furaha kubwa kuliko zote. Tena, mtu hachezi kwa ajili ya kitu kingine, anacheza kwa ajili ya mchezo wenyewe, kama vile hekima inavyotafutwa kwa ajili yake yenyewe. Hapo anakumbusha Mithali 8:30, ambapo katika Biblia ya Kilatini aliyoitumia Hekima anasemwa kuwa alicheza mbele za Mungu.

Tulichukulie jambo hili kwa uzito. Mtoto aliyezama katika kujenga mnara wa mbao, asiyesikia hata akiitwa, anaanza kuonja kile ambacho mmonaki hukitafuta katika kutafakari: kuwa mzima mahali alipo, kwa ajili ya jema lililo mbele yake. Mtoto aliyezoeshwa tangu miaka minne kwamba kila kitu hufanywa ili kupata alama anaweza kusali hivyo hivyo ukubwani, kwa kuhesabu faida.

4. Samaki, tabibu na mwalimu

Tuna methali isemayo, samaki mkunje angali mbichi. Ina hekima yake: tabia hujengwa mapema. Lakini methali ni mfano, na kila mfano una mpaka. Samaki akikunjwa hana analolitenda, umbo lote linatoka kwa mikono ya anayemkunja. Je, mtoto naye yuko hivyo?

Thoma analijibu swali la namna hiyo katika Maswali kuhusu Ukweli (swali la 11), anapouliza kama mtu anaweza kumfundisha mtu mwingine. Anatumia mfano wa tabibu. Tabibu haweki afya ndani ya mgonjwa kama mtu anavyotia maji katika mtungi. Mwili wenyewe una nguvu ya kupona, na tabibu huisaidia nguvu hiyo. Vivyo hivyo akili ya mwanafunzi ina mbegu za maarifa, na mwalimu huzisaidia zikue. Kwa hiyo, anasema Thoma, kuna njia mbili za kupata maarifa: mtu kugundua mwenyewe, na mtu kufundishwa. Mwalimu mzuri huifuata njia ambayo akili ingeifuata yenyewe katika kugundua.

Hatusemi kwamba mafundisho hayana kazi. Thoma mwenyewe anakiri kwamba mwalimu anaijua elimu kwa ukamilifu ambao mwanafunzi bado hana, na hivyo anaweza kumfikisha haraka zaidi. Watoto watafundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na wakati wake upo. Lakini kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, njia ya kugundua ni mchezo. Anayepima maji kwa kikombe anagundua kiasi. Anayegawa mbegu za mdako anagundua hesabu. Anayecheza kombolela anajifunza kusubiri, kukumbuka na kushika kanuni ambayo hakuna mtu mzima aliyemlazimisha kuishika.

Sasa tunaweza kuona kwa nini mchezo unamrudisha mzazi. Katika darasa la kukaririsha, mzazi asiyesoma sana hujiona hafai. Hajui mbinu za kufundisha herufi, anaogopa kukosea, na hukaa mbali. Lakini kwenye mchanga, maji, hadithi na udongo, bibi aliyeishia darasa la nne ana utajiri. Anajua hadithi, vitendawili, kusuka, kufinyanga, kupanda mbegu. Baba fundi seremala anajua kushika msumari. Shule inayocheza inawahitaji watu hao, kwa hiyo mwaliko wake kwao ni wa kweli.

5. Wazazi: haki na wajibu

Katika Summa hiyo hiyo (II-II, swali la 10, ibara ya 12) Thoma anajadili kama ni halali kuwabatiza watoto wa wasioamini bila ridhaa ya wazazi. Anajibu kwamba si halali, na sababu mojawapo ni ya haki ya asili. Mtoto kwanza hubebwa katika tumbo la mama. Akishazaliwa, kabla hajaweza kutumia akili yake mwenyewe, anabaki chini ya uangalizi wa wazazi kama katika tumbo la kiroho. Hata jema kubwa kama ubatizo halipaswi kumpita mzazi na kumng'oa mtoto humo. Kama Thoma anakuwa mwangalifu hivyo kuhusu sakramenti, sisi tunapaswa kuwa waangalifu zaidi kuhusu sare na ratiba.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko kuhusu Malezi ya Kikristo (Gravissimum Educationis, 1965), namba 3, ulifundisha kwamba kazi hiyo ya wazazi ni nzito kiasi kwamba ikikosekana ni vigumu kuizibia pengo. Mtakatifu Yohane Paulo II katika Familiaris Consortio (1981), namba 36, aliongeza kwamba haiwezi kukabidhiwa kabisa kwa wengine wala kunyang'anywa na wengine. Sheria za Kanisa nazo, katika kanuni ya 796, zinaitaja shule kuwa msaada kwa wazazi katika kutimiza wajibu wao, na kuwataka walimu washirikiane nao kwa karibu na kuwasikiliza kwa hiari.

Neno la kushika hapo ni msaada. Kwa desturi yetu tumeligeuza: mzazi ndiye anayeisaidia shule, kwa ada na michango. Kanisa linasema shule ndiyo inayomsaidia mzazi.

Mafundisho Jamii ya Kanisa huieleza hali hii kwa kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pius XI katika Quadragesimo Anno (1931). Jumuiya kubwa isiichukue kazi ambayo jumuiya ndogo inaweza kuitimiza yenyewe. Iisaidie pale inapopungukiwa. Familia peke yake haiwezi kumpa mtoto wenzake 20 wa kucheza nao, wala uwanja, wala vifaa. Hapo familia kadhaa zinahitaji kuungana, na hapo parokia inahitajika kutoa ukumbi na ulinzi. Lakini parokia ikichukua kila kitu, mzazi akabaki mteja, kanuni imevunjwa hata kama shule inasifiwa mjini. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mkono wa parokia ukiwa peke yake, nao ni mmoja.

6. Pingamizi

La kwanza ni la wakati. Mama lishe huamka saa kumi alfajiri. Dereva wa bodaboda akikaa nusu siku shuleni amepoteza mlo wa siku. Pingamizi hili ni zito kuliko yote, na historia inalithibitisha. Huko New Zealand, kadiri kina mama wengi walivyoingia katika ajira, hasa tangu miaka ya 1970, familia zenye nafasi ya kushika zamu zilipungua na vituo vingi vilifungwa, ingawa mamia bado vipo. Ushirika usipokuwa mwangalifu hugeuka kuwa chama cha wenye nafasi.

Wengine hushauri faini: asiyekuja kwenye zamu alipe. Naona shauri hilo ni hatari. Mwenye fedha atalipa kila mwezi na hataonekana, na maskini atakuwa mtumishi wa watoto wa tajiri. Wajibu wa malezi utakuwa umepata bei. Ni afadhali zamu iwe ndogo na iwe ya wote, tuseme nusu siku kwa mwezi, na watu waruhusiwe kubadilishana. Shangazi, babu au kaka mkubwa anaweza kuja kwa niaba ya nyumba. Anayeuza chakula asubuhi anaweza kuja Jumamosi kutengeneza vifaa, maadamu kila muhula apate walau siku moja ya kukaa na watoto wanapocheza. Tena tusiwaache akina baba wajifiche nyuma ya neno "kazi za akina mama". Mtakatifu Yosefu alikuwa na karakana, na Bwana wetu alijulikana kijijini kama mwana wa seremala.

La pili ni la mtoto asiye na mzazi, au anayelelewa na bibi mgonjwa. Shule inayotegemea wazazi inaweza kumwumiza yatima mara mbili. Hapa Kanisa lina hazina ambayo shirikisho la New Zealand halina: msimamizi wa ubatizo. Tumezoea kumwona siku ya ubatizo na siku ya picha. Zamu ya chekechea ingekuwa njia rahisi ya kuutimiza wajibu aliouahidi mbele ya altare. Asipokuwepo, jumuiya ndogo ndogo ya mtoto huyo imtafutie mtu.

La tatu ni usalama. Watu wazima wengi wakiingia shuleni, mtoto anaweza kudhuriwa. Hatuwezi kulipuuza jambo hili katika Kanisa la leo. Kanuni iwe wazi na iandikwe ukutani: mtu mzima yeyote, awe mzazi, frateri au padre, asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, wawili wawepo daima, anayejiunga ajulikane na jumuiya yake, na lalamiko la mtoto lisikilizwe siku hiyo hiyo. Mahali penye macho mengi yanayojuana, uovu hupata shida kujificha.

La nne ni usaili. Baadhi ya shule za msingi za kulipia huwapima watoto kusoma kabla ya kuwapokea, na wazazi huogopa. Tuwaeleze kwa subira kwamba mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania wenyewe unautambua mchezo kuwa njia ya mtoto kujifunza, na kwamba kusoma, kuandika na kuhesabu hupewa uzito katika darasa la kwanza na la pili. Mtoto anayejua kuuliza, kusikiliza hadithi mpaka mwisho na kuhesabu vitu vya kweli ana msingi wa kujengea herufi.

La mwisho ni upendeleo. Kila mzazi humwona wa kwake kwanza, na ugomvi wa watoto unaweza kuwa ugomvi wa kina mama. Vituo vyenye uzoefu hukabidhi kona kwa mzazi, hawamkabidhi mtoto wake. Anayekaa kwenye maji anawahudumia wote wanaokuja kwenye maji. Polepole anaanza kuwaita watoto wa jirani kwa majina, na kuwaona. Nadhani hilo ni zoezi la Injili kuliko semina nyingi tunazoziandaa.

7. Tuanzie wapi?

Hatuhitaji kufungua shule mpya. Parokia yenye chekechea inaweza kuanza na asubuhi moja kwa wiki. Mwalimu aliyepo abaki kuwa kiongozi, kwa maana ana ujuzi ambao wazazi wanauhitaji, na mshahara wake usipunguzwe kwa kisingizio cha kujitolea. Jumuiya ndogo ndogo zishike zamu kwa mzunguko. WAWATA na UWAKA watoe watu wa kutengeneza vifaa: mchanga, mbao zilizopigwa msasa, makopo yasiyo na ncha kali, vitambaa, udongo. Kila mwisho wa mwezi wazazi wakae saa moja na mwalimu wazungumze juu ya walichokiona kwa watoto, si juu ya ada.

Kwa sisi mafrateri, hasa tutakaokwenda mwaka wa uchungaji, kuna kishawishi cha kuwa walimu wa kila kitu. Hapa kazi yetu ni nyingine: kuita, kuunganisha na kurudi nyuma. Mwenyekiti awe mzazi. Kama baada ya mwaka mmoja shule haiwezi kukaa bila frateri, tumejenga kitu chetu, hatujawarudishia wazazi kilicho chao.

Nabii Zekaria, alipotaka kuwaonyesha watu waliotoka uhamishoni jinsi Yerusalemu itakavyokuwa Bwana atakaporudi, alitaja wazee waliokaa njiani na mikongojo yao, na njia za mji zikiwa zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza (Zek 8:4-5). Wazee na watoto wako katika picha moja, mahali pamoja. Parokia zetu zina wazee, zina watoto na zina uwanja. Kinachobaki ni kufungua geti la chekechea saa mbili asubuhi na kumwambia mzazi: karibu ndani, leo ni zamu yako.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika chekechea ya parokia yetu, mzazi huitwa kwa mambo gani? Ni lipi kati yake linalomhitaji akiwa mlezi?

2. Tulipokuwa wadogo tulicheza michezo gani, na ilitufundisha nini? Ni ipi ambayo watoto wetu hawaijui tena?

3. Ni nani katika jumuiya yetu angeshindwa kabisa kushika zamu, na sisi tungemsaidiaje bila kumwaibisha?

4. Wasimamizi wa ubatizo wa watoto wetu wako wapi leo? Tuwaombe kitu gani kimoja mwaka huu?